Pikapu ya Mjomba Ilipofungwa Tabo

Siku zile nilikuwa dereva, na hilo neno dereva naomba mlipokee hivyohivyo bila kulichunguza. Kazi yangu hasa ilikuwa kuifikisha pikapu chini ya kilima, halafu kuwashusha abiria waisukume. Ilikuwa pikapu ya mjomba, kaka yake mama, dizeli ya zamani. Tulikuwa tunapakia mbolea, sabuni na sembe pale Morogoro mjini, tunapita Mlali, halafu tunaanza kupanda Uluguru kwa wakulima wa kabichi. Kwenye tambarare ilikwenda kama imebeba bwana harusi. Ikiona mlima tu, inakumbuka magonjwa yake yote. Kinamama wa kabichi wanashuka, wanasukuma, wakichoka wanaiacha ijikongoje, wenyewe wanakata njia ya mkato. Nikifika juu nawakuta wamekaa wanamenya miwa, wananipa pole ya safari.

Zamani hakuna aliyelalamika. Gari lilikuwa gari, na ukilipata unashukuru. Ila mambo ya biashara yalikuwa yamefunguliwa. Madukani sukari ilikuwa imejaa na hakuna foleni, na barabarani zilianza kuonekana pikapu zilizotumika Japani, zinapanda mlima na mzigo wote huku dereva ameweka kiwiko dirishani. Wale kinamama wakaanza kunisalimia kwa haraka, salamu ya mtu anayetaka kupanda gari lingine.

Mjomba akaniita. Sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo mjomba akitamka, hata baba yako anaangalia chini.

"Nakupa mpaka msimu huu wa kabichi uishe," akasema. "Pikapu ipande na mzigo, isisukumwe. Ikishindikana, ufunguo nampa mwenzako."

Mwenzangu alikuwa mtoto wa mama mkubwa. Yeye alimaliza kidato cha nne na cheti anacho, na tai anavaa hata akienda gulioni kununua dagaa. Mimi niliishia kidato cha pili. Fizikia tuliachana kwenye somo la nyenzo, na mpaka leo sijui lile gogo liliishia kunyanyuliwa au vipi. Nje ya ule usukani sikuwa na kazi, na mke wangu alikuwa anajua hilo kuliko mimi.

Kulikuwa na fundi nyuma ya maghala ya Msamvu. Alikuwa Mnyamwezi, amekuja Morogoro kufanya kazi kiwandani. Kiwanda kikalala, yeye akabaki na spana zake na ovaroli lenye jina la kiwanda lililofifia. Kila mtu alisema anajua injini. Tatizo ni moja: Mnyamwezi ni mtani wetu. Kama hujui utani wa kabila na kabila, ni hivi: mtani anaweza kukuita mtumwa wake mbele ya wakwe zako nawe ukacheka. Anaweza kuchukua kuku wako na huna pa kumshitaki. Ukifa, anakuja msibani kukuigiza ulivyokuwa unatembea. Sasa mtu wa namna hiyo, umpelekee gari la mjomba?

Nikampelekea. Mafundi wengine walikuwa wamenikimbia.

Alisikiliza injini, akainamisha kichwa kama daktari, kisha akasema, "Mluguru, gari lako halina ugonjwa. Linakosa pumzi. Injini hii inavuta hewa yenyewe, kidogokidogo, kama mzee anayekunywa uji wa moto. Kule juu hewa yenyewe nyepesi. Tuifungie tabo."

"Tabo ndiyo nini?"

Akanionyesha chuma kimejiviringisha kama konokono. Ndani kuna feni mbili zimeshikana kwenye ufito mmoja. Moshi unaotoka kwenye injini unazungusha feni ya kwanza, ya kwanza inazungusha ya pili, na ya pili inaisukumia injini hewa kwa nguvu, kama mivukuto ya mhunzi inavyopuliza moto. Hewa ikiongezeka, anaongeza na dizeli kidogo kwenye pampu, basi, nguvu imepatikana.

Nikamwangalia. "Yaani moshi ambao gari limeshautupa ndio unarudi kulisaidia?"

"Ndiyo."

"Mtani, mimi nimefika kidato cha pili."

"Naona. Ungefika cha tatu ungekuwa umeshanielewa."

Lile konokono lilitoka kwenye nusu gari iliyoshushwa Dar, mbele ipo, nyuma imekatwa kama samaki. Nguo za mitumba tulishazoea kuziita kafa Ulaya. Hiki kilikuwa kafa Japani. Nilipomwambia mjomba, swali lake lilikuwa moja tu: "Mwenyewe alikufaje?"

Kwetu gari likiingia gereji, mwenyewe naye anaingia. Unakaa pale mpaka litoke, ukiondoka kula unarudi kukuta betri lako limezeeka. Mimi niliongeza na akili zangu. Niliiba chupa ya rangi ya kucha ya mke wangu, nyekundu, nikapaka alama kila kitu: pampu, noza, stata, mpaka kifuniko cha radieta. Mtu akibadilisha, nitajua. Fundi alipofungua boneti aliangalia, akazunguka upande wa pili, akaangalia tena. Kisha akaita mafundi wenzake wote.

"Njooni muone. Mluguru kaniletea bibi harusi. Sijui nimfungie tabo au nimtolee mahari!"

Nikacheka nao, lakini macho sikuyatoa. Nilikalia tairi bovu kutwa nzima. Akikata ekzosi namwangalia. Akichomelea manifoldi, kile chuma cha kulikalisha konokono pembeni ya injini, namwangalia, na macho yakaniwasha usiku kucha kwa ule mwanga wa kuchomelea. Akipeleka bomba dogo la oili kutoka kwenye injini kwenda kwenye tabo, namuuliza lile la nini. Akasema ule ufito wa ndani unazunguka kwa kasi mno na unashika moto, hauna kingine cha kuushika ila oili, ikikauka umekwisha. Nikatikisa kichwa kama ninayejua, huku nawaza: hapa ndipo atakaponiibia oili.

Siku ya kunikabidhi ufunguo alinishika bega.

"Sikiliza, mtumwa wangu. Ukimaliza kupanda mlima usizime injini hapohapo. Iache ingurume taratibu, ipoe, ndiyo uzime. Ukizima ghafla, oili inasimama na feni bado inazunguka, imewaka moto. Na msishuke milima mmezima gari kama mlivyozoea."

"Niiache ingurume mpaka lini?"

"Mpaka umalize sigara moja."

"Mimi sivuti."

"Basi anza."

Sasa niambieni, hiyo ni nasaha au ni utani? Halafu nilikuwa nafahamu kitu. Shemeji yake fundi alikuwa anauza dizeli kwenye madumu pale njia ya Mikese. Mtu anakwambia uache gari lingurume bure, limesimama, na shemeji yake anauza dizeli! Nikasema moyoni, mtani, hapo nimekushika.

Ila siku ya kwanza niliitii. Siku ya kwanza ningetii hata kama angeniambia nivue viatu.

Tulipofika chini ya kile kilima kikubwa baada ya Mlali, kinamama wakashuka wenyewe bila kuambiwa, kwa mazoea, wakakunja kanga wasukume. Nikakanyaga mafuta. Kikaanza kitu kama mluzi, chembamba, kinapanda pamoja na injini, fiiiii, na pikapu ikaondoka. Iliondoka kweli! Nilifika juu bado nina gia ya tatu, peke yangu na mifuko ya mbolea, ndipo nikakumbuka kwamba nilikuwa na abiria. Nikaisubirisha pale ikinguruma. Wakafika wanahema, na mmoja wao, bibi wa makamo aliyekuwa akisukuma upande wa kulia miaka yote, akasimama mbali na boneti.

"Linapiga mluzi," akasema. "Linamwita nani?"

"Ni tabo, mama. Ni hewa."

"Hewa mbona jana ilikuwepo na halikupanda?"

Mwingine akadakia, "Muulize hiyo nyekundu kwenye vyuma ni ya nini. Mimi niliiona alipofungua boneti asubuhi. Ni damu ya kuku."

Nikawaambia ni rangi ya kucha. Mnaona jinsi jibu la kweli linavyoweza kumtia mtu hatiani? Wakatazamana. Wakapanda kwa sababu mbolea haijibebi, lakini njia nzima hakuna aliyeegemea kibanda cha dereva.

Maneno yakamfikia mjomba kabla ya pikapu: mpwa wako kafunga kitu kwenye gari. Wengine wakasema kafunga kwa jina lake mwenyewe, na wewe mwenye gari ndiwe utakayekwenda na maji. Mjomba hakuwa mtu wa ushirikina, alikuwa na kofia yake na tasbihi yake. Lakini hakuwa mtu wa kupuuza pia. Asubuhi akaja, akafungua boneti, akaliangalia konokono kwa muda mrefu, akalisomea kitu, akafunga boneti. Akapanda mbele.

"Kuanzia leo tunakwenda wote," akasema. "Kama kuna kitu, nikione."

Ikapanda kama juzi. Namwona kwa pembeni anashika mlango, uso hautaki kufurahi lakini ndevu zinamsaliti. Tukafika juu kabisa, pale mteremko mrefu unapoanza kuelekea kijijini, tabo bado inalia. Mara mkono wa mjomba ukatoka kwenye koti, ukapita mbele ya kifua changu, ukashika ufunguo, ukazima.

Kimya. Pikapu ikaanza kushuka yenyewe, tunasikia mawe tu.

"Mjomba, fundi alisema tusi..."

"Fundi yupi? Yule mtani? Mtani akikwambia kaa, wewe simama."

Inabidi mumwelewe. Mjomba alilipata gari lake miaka ya dhiki, dizeli ikitolewa kwa kibali, unapanga foleni na dumu tangu alfajiri, na ukifika dirishani unaambiwa imekwisha. Alijifunza kushuka Uluguru nzima injini imezimwa, na alikuwa anajisifu kwa hilo kama wengine wanavyojisifu kwa watoto. Sasa dizeli ilikuwa imejaa kila kona, lakini hakuiamini. Chini ya kitanda chake alikuwa na katoni za sabuni na sukari ya kutosha harusi tatu. "Huu wingi ni wa kupita," alikuwa akisema. "Wanatuzoeza, halafu watafunga." Mtu asiyeuamini mfuko wa sukari anaouona kwa macho, utamwambia habari za oili iliyosimama ndani ya konokono?

Nami moyoni nilikuwa na lile la shemeji mwenye madumu. Nikamwachia azime. Tukawa hivyo kila safari: mimi napandisha, yeye anazima, tunashuka kimya kama wezi wa gari letu wenyewe, breki ngumu kama jiwe, mimi natabasamu huku nimezikanyaga kwa miguu yote miwili.

Kabla msimu haujaisha, mluzi ukaanza kukwaruza. Ukawa kama mtu anayesaga meno. Kisha moshi wa buluu. Kisha oili, leo naongeza, kesho imekwisha. Na siku moja, katikati ya kile kilima, konokono likatoa mlio mmoja wa chuma kwa chuma, likanyamaza. Pikapu ikasimama palepale ilipokuwa ikisimama enzi zake. Bibi wa upande wa kulia akashuka wa kwanza, akakunja kanga. Sitaki kusema alifurahi. Lakini alikuwa anaimba.

Mjomba hakupandisha sauti. "Umeibiwa," akasema. "Kizima kakionyesha, kibovu kakifunga. Au kilikuwa kizima akakibadilisha ulipokwenda kula."

"Sikwenda kula, mjomba. Nilikula palepale."

"Basi ulipofumba macho."

Nikawaza. Macho yale yaliyokuwa yananiwasha kwa mwanga wa kuchomelea, ni kweli niliyafumba. Na konokono lenyewe sikulipaka rangi, kwa sababu lilikuwa la kwake. Kadiri nilivyofikiri ndivyo nilivyozidi kumwona fundi analibadilisha, ananicheka, anaita wenzake waje kuona. Nilimwamini mjomba kwa sababu ilikuwa nafuu kwangu. Kama kosa ni la mwizi, usukani labda nitabaki nao.

Tukaenda Msamvu. Mjomba mbele, ufunguo ameushika mkononi, si mfukoni, nami naujua ule mshiko. Nyuma yake mtoto wa mama mkubwa na tai yake. Hakuwa amealikwa na gereji, alikuwa amealikwa na ufunguo.

Fundi alimwona mjomba akafungua mikono. "Marehemu! Bado unatembea?"

"Natembea kukufuata wewe, mwizi," mjomba akajibu. Kwa watani hiyo ni salamu, ila safari hii hakucheka.

Fundi akafungua tabo mbele yetu, juu ya gunia. Akashika feni, ikacheza huku na huku kama jino la mtoto. Ufito ulikuwa mweusi, umegandiwa na kitu kama masizi ya chungu kilichosahauliwa jikoni. Akaukwangua kwa ukucha, akanusa.

"Hii ni oili iliyoungua," akasema. Akaniangalia mimi, na hakuna utani usoni. "Nilikwambia nini kuhusu kuzima?"

Nikaufungua mdomo. Mjomba alikuwa akiutazama ule ufito mweusi, ufunguo bado mkononi. Niseme "ni mjomba" mbele ya mafundi wote? Mpwa hasemi hivyo. Niseme "ni mimi"? Ufunguo unaondoka sasa hivi. Nikaufunga mdomo.

Aliyeniokoa ni tai. Mtoto wa mama mkubwa alikohoa, akasogea mbele kwa ujuzi wote wa kidato cha nne.

"Samahani, fundi. Kuzima mteremkoni ni mbinu ya kubana matumizi. Mjomba mwenyewe huwa anazima kwa mkono wake, amenieleza, na mimi nikikabidhiwa gari nitafanya hivyohivyo."

Fundi akaweka spana chini polepole. Halafu akaanguka kwenye gunia, akalikumbatia konokono, akaangua kilio kama mtani aliyefika msibani.

"Uwiii! Umekufa, mtoto wa Japani! Umevuka bahari, hukufa! Umekatwa nusu, hukufa! Umekuja kuuawa na Mluguru kwa kijiko cha dizeli! Mzee huyu alizima gari, kesho atazima na jua lisije likaisha! Leteni sanda! Halizikwi hili mpaka muuaji atoe kuku!"

Mafundi wengine wakaitikia kilio. Mmoja akavua kofia. Fundi akajinyoosha mlangoni pa pikapu, akasema hakuna atakayepita. Mimi nilikuwa nimeuma mdomo mpaka nikasikia ladha ya chumvi, kwa sababu mtani anaruhusiwa, mpwa haruhusiwi hata kutabasamu.

Mjomba alisimama katikati ya msiba ule akiwa na kofia yake, akasubiri mpaka sauti zikapungua. Kisha akanigeukia mimi, si fundi.

"Wewe ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, mjomba."

"Mbona hukunizuia?"

Nikamwonyesha yule mtu aliyelala mlangoni anajifuta machozi ya uongo. "Aliyeniambia ni huyo."

Mjomba akamtazama fundi. Fundi, bado chali, akasema, "Hapo ana haki. Hata mimi nisingejiamini."

Ndevu za mjomba zikatikisika. Alijaribu kuzizuia, nikaona. Akaangalia ufunguo, akamwangalia mtoto wa mama mkubwa ambaye alikuwa ameshanyoosha mkono kidogo, bila kujijua.

"Wewe," akamwambia, "nikikosea utanisaidia kukosea. Huyu mjinga angalau hunipinga moyoni."

Akaniwekea ufunguo kiganjani, akamwambia fundi atafute konokono lingine, na kuku atakuja.

Nilidhani yameisha. Siku pikapu ilipotoka gereji na tabo ya pili, nilimfungulia mjomba mlango wa mbele. Akapita. Akakanyaga tairi la nyuma, akapanda, akakaa juu ya mifuko ya mbolea, akajifunika koti.

"Mjomba, njoo mbele."

"Mkono wangu naujua," akasema. "Endesha."

Ndivyo tulivyosafiri tangu siku hiyo. Gari linapanda linapiga mluzi, mimi kijana nimekaa kwenye siti peke yangu, na mzee mwenye gari yuko nyuma anapigwa na upepo katikati ya kinamama, ameshika kofia. Kila kijiji tulichopita watu walisogea kumpa shikamoo huku wananikata jicho. Nilijaribu kueleza habari za oili na ufito. Bibi wa upande wa kulia alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima zote.

"Sawa, mwanangu," akasema. "Ila kwanza ulifunga kitu kwenye gari, sasa mwenye gari yuko nyuma na wewe uko mbele. Sisi tunaangalia tu."